Muhuri wa Jicho la Kushoto

Hii ni habari ya Sihaba, fundi miwani wa mji wa Kizimbwi, na miezi kumi na moja aliyoimaliza katika nchi ya Tambarare akifuata muhuri mmoja. Naieleza kama alivyonieleza mwenyewe, ila maneno makali nimeyapunguza, kwa kuwa wengi aliowataja bado wapo kazini.

Kitu cha kwanza alichokiona Tambarare ni chai. Alifika katika Idara ya Mambo Mapya asubuhi, akapewa kiti, na karani akamletea kikombe na birika. Karani alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake. Aliinua birika, akalenga, akamimina chai yote mezani, pembeni kidogo ya kikombe, kisha akatoa kitambaa mfukoni akapangusa bila haraka. Meza zote za chumba kile zilikuwa na madoa ya chai, na mafaili nayo vilevile. Na kila aliyeketi nyuma ya meza alikuwa amefungwa jicho la kushoto kwa kitambaa cheusi.

Sihaba alitaka kucheka, akashindwa. Nyumbani kwake mumewe, Vuai, alikuwa akimimina chai namna hiyohiyo.

Vuai alikuwa mkata mawe. Miaka miwili nyuma chembe ya jiwe iliruka ikamtoa jicho. Mtu aliyebaki na jicho moja haoni giza. Anaona kila kitu, ila hajui kiko mbali kiasi gani. Atanyoosha mkono achukue kikombe, akikose. Atashuka ngazi kwa kupapasa kwa unyayo. Kwa muuza duka huo ni usumbufu tu. Kwa mkata mawe ni habari nyingine, maana machimbo ni ya chokaa, meupe pe, na jua likiwa utosini shimo na uwanja vinakuwa rangi moja. Wenzake wawili waliopata ajali kama yake walirudi kazini, na wote wawili walizikwa ndani ya mwaka huo.

Basi Sihaba alimtengenezea chombo. Kilikuwa fimbo yenye kisanduku juu. Ndani ya kisanduku mlikuwa na taa kali nyuma ya kigae chekundu chenye vitundu, ikitupa matone mekundu ya mwanga chini mbele ya mtembezi. Kando ya taa vilikaa vioo viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, vimeachana kiasi cha shibiri. Kila kioo kiliyaona matone kutoka mahali pake. Ardhi ikiwa sawa, matone ya kioo hiki yalilingana na ya kile kwa kipimo alichokiweka. Ardhi ikizama, yaliachana, na yakiachana kengele ililia. Hata jua la utosini halikuyafuta matone yale. Vuai alikijaribu uani siku tatu mfululizo asijikwae hata mara moja, na siku ya tatu akaingia chumbani akalia peke yake.

Lakini machimbo yalikuwa upande wa pili wa mpaka, ndani ya Tambarare, na sheria ya huko ilisema hakuna chombo kinachopita lango la machimbo bila muhuri wa Idara ya Mambo Mapya, nayo hupiga muhuri kitu kipya na chenye faida tu. Kisicho na muhuri huvunjwa palepale langoni.

"Nenda ukautafute, Mama Zuhura," Vuai alimwambia. Alizoea kumwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Ila nikwambie mapema. Msimu mpya wa kukata mawe ukifunguliwa, mimi nashuka. Chombo kikiwepo, nitashukuru. Kisipokuwepo, nashuka hivihivi. Siwezi kukaa jikoni mpaka nife."

Sihaba alimjua mumewe, hayo hakuyasema kwa hasira. Kabla ya msimu kufunguliwa alikuwa na miezi kumi na moja.

Mkaguzi aliyepangiwa faili lake aliitwa Bwana Mbaruku, mtu mpole, mwembamba, mwenye mafaili mia tatu mbele yake na kikohozi cha vumbi la karatasi. Yeye ndiye aliyemweleza habari ya kitambaa. Zamani, alisema, wanasheria wa Tambarare waligundua jambo la kutisha. Ukifumba jicho moja, kidole chako kinakaa hapa. Ukifumba la pili, kidole hichohicho kinahamia pale. Maana yake macho mawili ya mtu mmoja yanatoa ushahidi usiolingana, na serikali haiwezi kuendeshwa kwa mashahidi wasiolingana. Kwa hiyo kila mtumishi wa umma, siku ya kiapo, hufungwa jicho la kushoto, na halifunguliwi mpaka astaafu.

"Na wakistaafu?" Sihaba aliuliza.

"Wengi huomba wabaki nacho. Wanasema wakikivua dunia inawajia usoni." Alikohoa. "Sasa, bibi, chombo chako kinafanya nini?"

Sihaba akamweleza kwa utulivu, akichora kwa kidole juu ya meza yenye madoa. Vioo viwili vinaona matone yaleyale, kila kimoja kivyake. Tofauti baina yao ikiongezeka, ujue mbele yako kuna kina.

Kalamu ya Bwana Mbaruku ilisimama. "Unaniambia chombo hiki kinaishi kwa mgongano wa mashahidi."

"Ndiyo, bwana. Huo mgongano ndio unaotuambia shimo liko wapi."

"Nitaliandika kwa maneno mepesi zaidi," alisema Mbaruku kwa huruma, akaandika kitu ambacho Sihaba hakuruhusiwa kukisoma.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya miezi mitano. Miezi hiyo Sihaba alikaa katika nyumba ya waombaji wa muhuri, nyuma ya idara, pamoja na mtu aliyebuni mfuniko wa chungu usioungua na aliyekuwa pale mwaka wa kumi na saba. Mtu huyo hakuwa na uchungu tena. Alikuwa amepanda mchicha. Sihaba alipouona ule mchicha, jinsi ulivyopangwa vizuri kwa mistari, alirudi chumbani akahesabu upya miezi iliyobaki.

Barua ilisema hivi: Taa ipo tangu zamani, rejea kandili ya mlinzi. Kioo kipo, rejea miwani ya bibi mmoja wa wilaya ya kaskazini. Kioo cha pili ni kioo cha kwanza kilichorudiwa. Kengele ipo, rejea mbuzi. Aliyevikusanya hakubuni, amekusanya.

Sihaba akajibu kwa kurasa kumi na mbili. Alisema ukimchukua mbuzi na kengele yake, na kandili, na miwani ya bibi yule, ukaviweka vyote chumba kimoja, hakuna kitakachokuonya usitumbukie. Alijibiwa baada ya miezi mitatu. Idara ilishukuru kwa maelezo, ikaeleza kwamba hoja ya mbuzi imepokelewa, na sasa kumejitokeza hoja nyingine: kwa mujibu wa ramani rasmi, nchi ya Tambarare haina mashimo. Chombo cha kupima kisichokuwepo hakina faida, na kisicho na faida hakipigwi muhuri.

Hapo aliomba kufanya majaribio mbele ya mkaguzi, na akakubaliwa. Mbele ya mlango wa idara kulikuwa na ngazi saba za mawe na kamba ya kushikilia, imekuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Kwenye ramani ngazi zile ziliandikwa "njia ya kuingilia, sawa." Sihaba alisogeza fimbo hadi ukingoni. Matone mekundu yakaruka chini, kengele ikalia. Bwana Mbaruku aliangalia kwa jicho lake moja, akaangalia ramani, akaandika, akamsomea kwa sauti: "Chombo kimelia mahali palipo sawa. Kosa ni la chombo." Kisha akaishika kamba kwa mikono yote miwili, akashuka ngazi moja moja kwenda kula, akipapasa kwa unyayo kama Vuai.

"Bwana Mbaruku," Sihaba alimwita kutoka juu, "hiyo kamba ni ya nini?"

"Ya zamani," alijibu bila kugeuka.

Mtu pekee aliyemliwaza siku hizo alikuwa Mzee Dadi. Alikaa mwisho wa ukumbi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, na kazi yake ilikuwa kuwa Mjuzi wa Kawaida. Sheria ya Tambarare inasema jambo si jipya iwapo mjuzi wa kawaida wa kazi hiyo ataliona dhahiri. Na kwa kuwa kila mkaguzi alimfikiria mjuzi wake mwenyewe, serikali iliamua kumwajiri mmoja ili mabishano yaishe. Mzee Dadi alikuwa amesoma kila kilichoandikwa tangu nchi ianze. Kwa mkataba, alikatazwa kubuni chochote.

"Hata kidogo?" Sihaba alimuuliza.

"Hata kidogo, mwanangu. Nikihisi wazo linanijia, natakiwa nisimame nizunguke uwanja mpaka lipite. Zamani nilikuwa nazunguka sana." Alitabasamu. "Siku hizi nakaa tu."

Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kigoda kile. Walizoea kula pamoja adhuhuri. Sihaba alimmiminia chai, na mzee alikiangalia kikombe kilichojaa kwa mshangao kila siku, hakuuliza. Alimsimulia habari za Vuai, na machimbo, na wale wawili waliozikwa. Ila habari za chombo chenyewe mzee alimzuia asizitaje, kwani Mjuzi wa Kawaida haruhusiwi kusikia jambo kabla ya kikao.

Kikao kiliitishwa siku kumi kabla msimu wa mawe haujafunguliwa. Waliketi wakaguzi watatu, Mbaruku katikati, na Mzee Dadi pembeni na kigoda chake. Karani alisoma maelezo yote ya chombo kwa saa mbili: taa, kigae, matone, vioo, kipimo, kengele, na kwa nini matone huachana. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye sababu ya matone kuachana, Sihaba alimwona Mzee Dadi akiinua kichwa, halafu akiinamisha.

"Mjuzi wa Kawaida," alisema Mbaruku, "umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Je, ni dhahiri?"

"Nikishaelewa, bwana, huwa ni dhahiri."

Kalamu zikaanza kuandika. Sihaba akasimama, ingawa hakupewa ruhusa. Sauti yake haikupanda. Alikwisha kuchoka mno kuipandisha.

"Naomba aulizwe kabla ya kuelezwa."

"Aulizwe nini kabla ya kuelezwa?" aliuliza mkaguzi wa kushoto.

"Aulizwe mtu mwenye jicho moja atalijuaje shimo. Aachwe ajibu mwenyewe."

Wakaguzi wakatazamana, jambo lililochukua muda, kwa sababu kila mmoja ilibidi ageuze kichwa kizima. "Bibi," alisema Mbaruku, "asipoelezwa hataweza kujibu. Na asipoweza kujibu kikao hakina maana."

"Lakini kutoweza kwake ndiyo hoja yangu. Mzee wangu," alimgeukia Dadi, "miaka ishirini na sita umesoma kila kitu. Kabla ya asubuhi hii, uliwahi hata siku moja kulifikiria jambo hili?"

"Kufikiri kumekatazwa na mkataba," alisema Mzee Dadi taratibu, akitazama sakafu. Makarani wakaliandika hilo pia.

Baadaye Bwana Mbaruku alimwita ofisini peke yake. Macho yake, au lile moja lililoonekana, lilikuwa jekundu kwa kukosa usingizi. Sihaba aliniambia hakuweza kumchukia hata siku hiyo. Alikuwa mtu mwema, na amekosa sehemu ya kuuweka wema wake.

"Nimekuhangaikia," alisema. "Nimekaa na wakubwa mara tatu. Kukataliwa moja kwa moja nimekuzuilia. Utapewa muhuri, kwa sharti moja. Baraza haliwezi kuidhinisha ushahidi wa pande mbili. Muhuri utapigwa juu ya kioo cha kushoto."

"Juu yake."

"Juu yake hasa. Nta nyekundu, nembo ya nchi. Ni heshima kubwa, bibi. Sisi wenyewe tumefungwa upande huohuo."

"Kikifungwa kioo kimoja hakipimi kitu, bwana. Kinakuwa taa na kengele."

"Kinakuwa halali," alisema Mbaruku.

Sihaba alihesabu siku zilizobaki, akahesabu na mwendo wa kurudi Kizimbwi, akatia saini. Hakusaini kwa kukubali, alisaini kwa kuchoka, na anaamini nusu ya saini zilizomo katika makabati yale ni za namna hiyo. Karani aliyeyusha nta. Alilenga kioo, akamwaga pembeni mara mbili, mara ya tatu ikaenda mahali pake.

Mzee Dadi alimsindikiza mpaka mlangoni, juu ya zile ngazi saba. Jua lilikuwa la adhuhuri, mawe yanawaka meupe. Alisimama ameshika kamba. Halafu akaangalia nyuma, akaona ukumbi ni mtupu, wote wamekwenda kula. Akaingiza kidole chini ya kitambaa cha jicho lake la kushoto, akakiinua.

Sihaba alisema jicho lile lilikuwa limepauka kama ngozi iliyokaa chini ya plasta. Lilipepesa, likatoa machozi, likafunguka. Mzee alirudi nyuma nusu hatua. Kisha akaziangalia ngazi. Aliiangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka chini kabisa, na midomo yake ikazihesabu.

"Zinashuka," alisema.

"Ndiyo, mzee wangu. Zinashuka."

Aliiachia kamba. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, bila kupapasa, akaweka wa pili. Akasimama hapo, mtu mzima wa miaka sabini, kwenye ngazi ya pili, na mikono yake mitupu ameinyoosha mbele. "Si dhahiri," alisema. "Mwanangu, hili si dhahiri hata kidogo. Nisingelipata hata kwa miaka mia."

Sihaba alimshika mkono. "Rudi ukawaambie. Dakika moja tu. Waambie hivyo hivyo."

"Kikao kimefungwa. Kikifunguliwa upya ni miaka mitatu, na siku hiyo nitakuwa nimeshaelezwa." Alipangusa jicho kwa mgongo wa kiganja. "Tena wataniuliza nimejuaje."

Akageuka, akapanda zile ngazi mbili. Alipofika juu alikivuta kitambaa chini, akakiweka sawa kwa vidole, akaishika kamba tena ingawa hakuwa anashuka. Sihaba alimuaga. Kwenye njia nzima ya kurudi hakukumbuka kitu kilichomtoa machozi isipokuwa mzee kukiweka kitambaa sawa.

Alifika Kizimbwi asubuhi ya siku ambayo msimu unafunguliwa. Vuai alikuwa mlangoni, amevaa nguo za kazi, nyundo kwapani. Alisimama alipomwona, akaipokea fimbo bila salamu, akaigeuza, na kidole gumba chake kikakutana na nta juu ya jicho la kushoto la chombo.

"Wameliziba."

"Wameliziba."

Vuai alicheka kwa pua. "Mimi nina moja, na chenyewe nacho wamekiachia moja. Tutaongozana vizuri." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Umejitahidi, Mama Zuhura. Mungu anajua. Ingia ndani upumzike." Na akaanza kuondoka bila ile fimbo, kama alivyoahidi.

Sihaba hakupumzika. Alikwenda jikoni na vumbi lake lote la safari, akaweka kisu chembamba cha kazi juu ya makaa, na kwa mikono iliyofunga vioo miaka thelathini akaipitisha ncha ya kisu chini ya nta, pole pole, mzunguko mzima, mpaka muhuri ukatoka mzima kama kifuniko cha kopo. Nembo ya Tambarare haikupata hata ufa. Alimkuta Vuai mwisho wa mtaa, akampa fimbo na muhuri kando kando.

"Langoni uubandike kwa mate," alisema. "Ukishapita uubandue. Ukitoka, ubandike tena."

Alikwenda naye mpaka lango la machimbo, maana alihofia mumewe ataona haya kuubandua. Askari wa lango alikuwa mtu mnene, kitambaa cheusi jichoni, na buti zilizopauka kwa chokaa. Aliichukua fimbo, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba, akasoma nembo, akaridhika, akairudisha. Jua lilikuwa limeanza kufika utosini, na mbele yao machimbo yalilala meupe, sawa tupu, kama shuka iliyotandikwa. Askari akawatangulia hatua nane ndani ya lango ili amwonyeshe Vuai sehemu yake ya kazi, kama ilivyo desturi ya siku ya kwanza.

Vuai, nyuma yake, akaubandua muhuri, akautia mfukoni, akawasha taa. Kengele ikalia.

Askari akasimama, mgongo kwao. "Kinasema nini hicho?"

"Kinasema kuna shimo, afande."

"Hapa hakuna shimo. Ramani ninayo." Aliangalia chini kwa jicho lake moja. Weupe, na weupe. Sihaba aliyekuwa na macho yake mawili alikuwa ameshaona ncha za buti zile zimeanza kupita ukingo, na chini yake shimo linakwenda mbali sana. Hakuthubutu kuita, asije askari akashtuka akapiga hatua.

Vuai alisogeza fimbo kidogo, na kengele ikaendelea kulia, kitu kidogo chenye sauti ya jikoni. "Basi hakuna, afande," alisema kwa upole. "Ila ningekuwa wewe nisingeinua mguu."

Askari alisimama vile, amenyooka, na jasho likamtoka shingoni likaingia kwenye kola. Sihaba alidhani ataamuru chombo kivunjwe. Kisha, bila kugeuka, askari wa Tambarare aliunyoosha mkono wake nyuma, kiganja wazi, ushikwe.

Vuai akaushika. Alimrudisha hatua kwa hatua, fimbo mbele, mpaka kwenye kibanda cha lango, akauweka mkono ule juu ya mgongo wa kiti ili akijue kilipo. Halafu akaitoa nyundo yake kwapani akashuka kazini, na Sihaba akarudi nyumbani kulala.